Wifi Anayepumzisha Wakimbiaji

Wifi yangu hajawahi kukimbia. Hata mvua ikimkuta njiani hutembea vilevile, na akifika ameloa chapachapa husema mvua ni ya Mungu, atakimbilia wapi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuwatunza wasichana ambao hawajui jambo lingine duniani ila kukimbia.

Najua watu wakisikia mwanamke anamsifu wifi yake, huuliza kwanza msiba ulikuwa lini. Hakuna msiba. Yu hai, mzima wa afya, na mdomo wake pia ni mzima.

Alikaa kwangu kabla hajapanda huko mlimani. Nyumba ya wageni aliyokuwa akitandika vitanda ilifungwa, akaja kwa kaka yake akisema anapita tu. Begi lake lilikuwa kubwa mno kwa mtu anayepita. Nilimwambia mume wangu hivyo, naye akajibu, "Ni dada yangu," kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaendelea kula. Basi wifi akakaa. Chumvi yangu ilikuwa nyingi, mapazia yangu yalikuwa mafupi, na cherehani yangu, ambayo ndiyo inayotulisha, ilikuwa inapiga kelele. Kazi ya mikono yake sikuweza kuikosoa, ingawa nilitafuta sababu. Alitandika vitanda vyetu kwa mikunjo ya nyumba ya wageni, shuka imebanwa pande zote, tukawa tunaingia kulala kama barua inavyoingia kwenye bahasha.

Halafu ikasikika kwamba kambi ya vijana wa riadha, kule juu ambako hewa ni nyepesi na maji huchelewa kuivisha maharage, inatafuta mwanamke. Nyuma ya kambi kuna chemchemi ya maji ya moto. Maji yanatoka kwenye jiwe yakitokota, ukiweka yai unakula. Walikuwa wamejenga dimbwi la saruji kwa ajili ya wasichana, na jingine upande wa pili kwa wavulana, ili baada ya mazoezi magumu waloweke miguu na migongo. Upande wa wavulana alikuwepo mzee mmoja. Upande wa wasichana walitaka mwanamke asiyeogopa mvuke wala maneno. Mume wangu alinitazama, mimi nikamtazama, tukasema kwa pamoja jina la mtu mmoja. Alipoondoka nilimfungia na chakula cha njiani, kingi.

Kazi yenyewe nimeiona kwa macho yangu, kwa hiyo nitaieleza. Kuna mifereji miwili. Mmoja unaleta maji ya moto kutoka kwenye jiwe, mwingine unaleta maji baridi kutoka kijitoni, na kila mmoja una kibao cha kuziba. Wifi anafungua huku kidogo, anafunga kule kidogo, kisha anachovya kiwiko kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kiwiko kikikubali, anaita. Wasichana wakija anawanywesha maji kwanza, kikombe kikubwa kila mmoja, yenye chembe ya chumvi na sukari, na hakuna anayepita bila kuonyesha kikombe kitupu. Saa za mkononi zinavuliwa mlangoni, zinatundikwa kwenye misumari. "Huku ndani hakuna wa kwanza," anawaambia. "Wa kwanza mmemwacha uwanjani na jasho lake."

Wakishaingia, yeye anakaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza uchokozi. Huyu ana magoti kama mafundo ya kamba, yule anakoroma hadi kambi ya wavulana inalalamika, mwingine amepata barua ya mapenzi yenye makosa ya tahajia. Wanajibu, wanacheka, wanarushiana maji. Mgeni akiona atasema mama huyu hana adabu. Siku moja nilimuuliza kwa simu kwa nini hawaachi watoto wa watu wapumzike kimya.

"Anayejibu yuko salama," akaniambia. "Anayenyamaza ndiye wa kutolewa. Muuguzi wa kambi alinifundisha, moto ukimzidi mtu kinachotangulia kupotea ni maneno. Nami nikaona, basi, maneno ninayo."

Kwenye kambi hiyo ndiko alikopelekwa binti yangu.

Wenzake walimwita Ufito kwa wembamba wake. Tangu mdogo nikimtuma uzi dukani alirudi kabla sijageuza kitambaa. Huku kwetu chini hakuna msichana aliyemwona zaidi ya kisigino. Alipochaguliwa kwenda kambini alikumbatia viatu vyake vya mbio usiku kucha, na mimi nikajua kwamba mtoto huyu hataki kitu kingine katika maisha yake, wala nisijisumbue kumtajia ushonaji.

Mwezi wa kwanza alinipigia simu.

"Mama, hewa ya huku ni kama chai iliyoongezwa maji. Unaivuta, unaivuta, haina kitu ndani."

"Utazoea."

"Wenzangu wamezoea. Mimi silali. Nikilala naamka moyo unanidunda. Miguu yangu nimebeba tu, si yangu."

Alikuwa anamaliza nyuma. Kwanza katikati ya kundi, kisha nyuma ya katikati, kisha nyuma kabisa na vumbi la wengine. Na mchujo ulikuwa mbele yao. Watano watakaotangulia wangebaki kambini na kuingia timu ya vijana, waliosalia wangeshukuriwa na kurudi kwao. Nilikuwa nikishona na kumwaza, sindano ikanichoma mara nyingi mwezi ule kuliko mwaka mzima.

Sasa sikiliza watoto hawa walivyo. Umewavua saa, umewaambia hakuna wa kwanza, umewaweka kwenye maji wapumzike, na wao wamegeuza kupumzika kuwa mbio. Pale mfereji wa moto unapoingilia dimbwini wamepaita Mdomoni, na mchezo ukawa ni nani atakaa Mdomoni muda mrefu kuliko wote. Shangazi mtu akigeuka kurekebisha kibao cha maji baridi, wanasogea. Akirudi kitini wamekaa wametulia kama watoto wa dini. Hakuna watu wengine duniani ambao wangeweza kukosea namna hiyo. Mimi ukinipa maji ya moto na ruhusa ya kukaa, nakaa, sihitaji mpinzani.

Na bingwa wa Mdomoni, wala usijiulize, alikuwa Ufito. Kule uwanjani hakuna aliyemngoja, lakini dimbwini walimpigia makofi. Basi akawa anaingia na kiu, anatoka mwekundu wa macho, anashindwa kula, usiku hapati usingizi, na kesho yake anakimbia vibaya zaidi. Akikimbia vibaya, jioni anataka kushinda tena Mdomoni. Mwenyewe aliniambia baadaye, "Mama, hapo tu ndipo nilipokuwa bado mimi."

Siku aliyoanguka walikuwa wametoka kwenye mbio ndefu za vilimani. Kikombe cha maji alikuwa amekimwaga nyuma ya ukuta na kuonyesha kitupu. Wifi alikuwa kitini anamsema.

"Ufito, wewe ukisimama pembeni ya mti wa bendera, watu watapandisha bendera juu yako."

Kimya.

"Ufito. Nakuambia utapandishwa bendera."

Aliposimama atoke, macho yakamgeukia juu, akaenda chini kama nguo iliyodondoka kambani. Wifi aliingia na gauni lake na viatu vyake, akamdaka kwa alichokipata, na alichokipata ni nywele. Akamvuta hadi kwenye ngazi, wenzake wakamsaidia kumlaza kwenye ubaridi, miguu juu, wakamfuta kwa maji ya kijitoni. Alipofumbua macho akanywa, akatapika, akanywa tena. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala Mungu.

"Shangazi, usiseme."

Kwa sababu kanuni ya kambi ilijulikana. Anayeanguka anatolewa kwenye mazoezi mpaka muuguzi amruhusu, na mchujo ulikuwa umebisha hodi. Akaanza kumshika miguu. Shangazi, mimi ni damu yako. Shangazi, nikitolewa nimekwisha. Na wale wasichana wengine, ambao wangefaidika akitolewa, nao wakamwombea.

Wifi alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mwanangu, ningekuwa sikupendi ningekusikiliza." Akamwita muuguzi, na gauni lake likiwa bado linachuruzika akaenda hadi kwenye uzio wa mabati kumwita mwalimu wa mbio.

Mwalimu huyo wanamwita Kipenga, kwa kuwa kipenga hakitoki shingoni mwake hata akila. Mwanamume haingii upande wa wasichana, kwa hiyo walizungumza kila mmoja upande wake wa mabati.

"Alikuwa anafanya nini?" Kipenga akauliza.

"Anashindana."

"Na nani?"

"Na maji."

"Mimi nilidhani amekuwa mvivu."

"Mvivu angekuwa wa kwanza kutoka, mwalimu. Huyu amekosa pa kushinda. Na mimi nilikuwepo na macho yangu mawili nikadhani wanapapenda pale kwa joto. Kwa hiyo ukigomba, gomba na sisi sote."

Hakugomba. Alimsimamisha mazoezi, akasema ale, anywe, alale, atembee, na baada ya hapo muuguzi ndiye ataamua. Mchujo? "Tutaona." Mtu akikwambia tutaona, unajua mwenyewe usingizi unavyokuwa.

Wifi akanipigia mimi baada ya yote hayo. Nilisikiliza hadi mwisho, nikamwambia, "Wifi, mtoto ni wa kaka yako. Hukuweza kuninong'oneza mimi kwanza?"

"Wewe una kipenga?"

"Nina uchungu."

"Uchungu uweke kwenye mfuko uje nao. Njoo umwone. Na usije na zile nguo zako za kujionyesha, huku kuna mvuke."

Nikafunika cherehani, nikapanda. Kutoka getini hadi kwenye dimbwi kuna ngazi, na kabla sijafika katikati nilikuwa nimeshika ukuta natafuta pumzi kama mtu aliyeibiwa. Hapo ndipo nilipoielewa ile chai iliyoongezwa maji. Wifi alisimama juu ananitazama, mikono kiunoni.

"Pole pole, bibi harusi. Hakuna anayekufukuza."

"Nyamaza, sina pumzi ya kukujibu."

"Afadhali. Miaka yote nimeisubiri siku hii."

Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga njia nzima. Akanipeleka kwanza chumbani kwake, nyuma ya banda la mataulo. Binti yangu alikuwa amelala kitandani kwa shangazi yake, mchana kweupe, shuka imebanwa pande zote kama bahasha. Alikuwa analala ule usingizi wa watoto wa kunyonya, mdomo wazi. Sikuwa nimemwona hivyo tangu aanze mbio. Wifi akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kila siku baada ya chakula anamwogesha kidogo tu, maji ya vuguvugu, upande unaoingilia maji baridi, karibu na kiti chake, kwa ruhusa ya muuguzi. Kisha anamleta hapa na kumfungia shuka. "Nimembana ili asikimbie ndotoni," akasema.

Yale maneno niliyoyapanga sikuyaona tena yalikokwenda.

Akaniuliza kama nimekuja kutazama au kuoga. Nikasema mimi si mwanariadha. Akasema hilo halihitaji kuelezwa. Basi nikanywa kikombe changu, nikaonyesha kwamba ni kitupu, nikaingia. Mgongo wangu umeinamia cherehani tangu nikiwa msichana. Una kipande hapa nyuma ya bega ambacho nilishasahau kwamba ni nyama, nilidhani ni mfupa. Yale maji yalikigusa kikaanza kulegea kidogo kidogo, na mimi, mtu mzima, nikasikia machozi yanataka kutoka bila sababu.

"Wifi," akaita kutoka kitini. "Umenyamaza. Nikutoe?"

"Thubutu."

"Haya. Nilikuwa napima."

Wasichana walipokuja nikaona jinsi alivyoutibu ule mchezo wa Mdomoni. Mara ya kwanza, waliniambia wakicheka, aliamuru kwamba atakayekuwa wa mwisho kutoka atafua mataulo ya wote. Kesho yake hawakulowa hata magoti. Waliingia na kuruka nje kama vifaranga waliomwona mwewe, wakateleza, mmoja akachubuka. Wifi akaona hawa ukiwapa mwanzo wanashindana, ukiwapa mwisho wanashindana. Ndipo akawashikisha mikono. Wanashikana, wanaingia wote kwa mstari, wanakaa, yeye akisema "basi" wanakaa kwanza ukingoni hadi kichwa kitulie, kisha wanatoka vilevile wameshikana. Mmoja akivuta, mstari mzima unamzomea. Hakuna wa kwanza na hakuna wa mwisho. Kipenga alipoambiwa alisema ni mara ya kwanza kuona kundi lake linafika pamoja mahali popote.

Nilikaa kwake hadi mchujo. Muuguzi alimruhusu Ufito atembee, kisha akimbie taratibu, kisha akimbie. Alikuwa anakula ugali wa wenzake wawili. Alfajiri ya mchujo yenyewe Kipenga alimwita, akamtazama miguuni, akamtazama usoni, akamwambia, "Kimbia ulivyo leo. Usikimbie ulivyokuwa kwenu."

Wifi hakuja uwanjani. Alisema yeye kazi yake inaanza wao wakimaliza.

Mimi nilisimama kwenye uzio na kanga yangu mdomoni. Walipoanza, binti yangu alikaa nyuma. Mizunguko ikapita. Wengine walikuwa wanavuta hewa kwa mabega, yeye mabega yake yalikuwa chini, yametulia, kama mtu anayefua. Akampita mmoja. Akawapita wawili. Wanne wa mbele walikuwa wameshakwenda, hao hawakuwa wa kuguswa, na aliyekuwa wa tano alikuwa rafiki yake, yule aliyekuwa akishindana naye Mdomoni. Walimaliza bega kwa bega. Sikuona chochote kwa sababu nilikuwa nimefumba macho, nawaambieni ukweli. Nikasikia Kipenga anataja wanaobaki. Wa tano alikuwa Ufito, kwa urefu wa mkono.

Nilitaka kupiga kelele, lakini rafiki yake alikuwa amekaa chini palepale amejifunika uso. Binti yangu akarudi, akakaa vumbini pembeni yake. Sikumwambia afanye hivyo.

Kule dimbwini wifi alikuwa ameshachovya kiwiko. Walipoingia hakuuliza nani kabaki nani katoka. Nilisubiri aulize, maana damu yake ndiyo iliyoshinda, lakini alihesabu vikombe, akawashikisha mikono, akawatia majini wote. Yule rafiki alimweka karibu na kiti chake, na akamchokoza zaidi ya wote, magoti yake, sauti yake, kijiji chao, mpaka yule mtoto akajibu tusi moja zuri sana, dimbwi zima likacheka. Ndipo wifi akaegemea kitini na kufumba macho kidogo.

Nilikaa kwenye jiwe pembeni yake.

"Wifi."

"Nimesikia. Watano. Kipenga amepiga mluzi mlima mzima umesikia."

"Ahsante."

"Ya nini?"

"Ya kusema. Siku ile."

Alinitazama kuona kama nina homa. Kisha akageukia maji. "Kaka yangu alinipa chumba nilipokuwa sina," akasema. "Na wewe ulinipikia, ingawa kwa chumvi nyingi. Ulidhani nitamwacha mtoto wenu azime kwa sababu ameniomba vizuri?"

Nikatoa kwenye mfuko gauni nililomshonea. Nilikuwa nimelishona usiku kabla ya safari, wakati bado nimekasirika, kwa sababu niliambiwa lake aliloingia nalo majini lilipasuka. Kitambaa kizuri, mikono mipana, shingo nimeipiga pindo mara mbili. Akalivaa palepale juu ya nguo zake. Likafika kifuani, likagoma.

"Ulinishonea mimi," akauliza, "au mtu unayempenda?"

"Nimetumia kipimo cha ulipokuwa unakaa kwangu. Sikujua huku unanenepeshwa."

"Hewa ya huku haina kitu ndani. Ninakula kufidia."

Wasichana wakacheka wakiwa wameshikana mikono, hawawezi hata kujifuta machozi. Nikamvua, nikaomba wembe na sindano, nikalipindua gauni mapajani mwangu na kuanza kufumua ubavuni. Huwa naacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Mvuke ulinijia usoni, uzi ukawa laini, wifi akaniuliza kwa nini naenda polepole hivyo na ndiyo kazi inayonilisha, nami nikamjibu, naye akanijibu, mpaka wasichana walipokaa ukingoni, wakatulia, wakatoka wote pamoja.